Sauti ya Kupimia Picha

Shoga yangu, nimeumbuka leo!

Ile filamu ya tembo niliyoisimulia imeonyeshwa sasa hivi. Nilikuwa nimeita ukoo mzima, mpaka shangazi. Msimulizi akaanza... si mimi! Si mimi, shoga! Mwanamke mwingine kabisa, na anavuta pumzi palepale nilipovuta mimi.

Nikampigia mhariri. Eti, "Kwani hukuambiwa, dada? Yako ilikuwa ya kupimia picha tu, tujue zikatwe wapi."

Ya kupimia picha! Kama gazeti la fundi cherehani, nguo ikishakatwa linatupwa.

Pale sebuleni, shangazi akajifanya anatafuta viatu.

Mama peke yake, na masikio yake yale mazito, akanishika mkono: "Leo umesoma vizuri, mwanangu, kuliko siku zote."

Nikamwambia asante.