Deo Ana Gemu Yangu

Jumapili, Hamugembe

Nimejaribu kununua gemu ya joka, kadi ya benki imekataliwa tena. Leo duka la mtandaoni limesema nchi yangu haimo kwenye orodha yao, kana kwamba Tanzania nimeitunga mimi.

Na Deo, mtoto wa baba mdogo, anayo gemu hiyo hiyo! Shangazi aliye Ulaya kamnunulia. Mimi ndiye niliyemwambia kuwa ipo. Naona wivu, basi.

Nimekwenda kwao Nshambya kuiona. Kabla sijakaa akaniletea kahawa ya kutafuna, zile punje za kukaribishia wageni, kama mgeni aliyetoka mbali huko Muleba. Tangu lini? Kahawa hiyo tumekua tukiidokoa wote kwenye kikapu cha bibi. Nikaelewa: mgeni hutafuna na kutazama, hachezi.

Gemu ni nzuri, nakiri. Joka likipumua, kochi linatetemeka. Lakini Deo anawakata wanakijiji mapanga badala ya kuzungumza nao, na wao ndio wanaojua njia.

"Nijaribu kidogo?"

"Subiri nilimalize hili joka, kaka."

Lilikuwa limebaki pigo moja, umeme ukakatika. Na hakuwa amesevu chochote tangu asubuhi.

"Pole sana, mdogo wangu," nikamwambia gizani, nikanyoosha mkono kuomba kahawa nyingine.