Floteri ya Pikipiki ya Muzee Zakaria

Jumatatu, 5 Agosti 1968
Mayai yameisha kabla ya saa nne. Kama kawaida. Mayai yangu mutaa mzima wa Kamenge unayajua. Nikapita garaji kumpelekea Dafroza wangu chakula. Nikakuta vicheko. Patroni, mwenye garaji, amempa atengeneze pikipiki ya Muzee Zakaria, ya tangu wakati wa Wabeleji, inayotoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Akamwambia mbele ya watu: "Moshi ukiisha kufika Jumamosi, unapata kazi. Usipoisha, rudi ukauze mayai na mama yako." Na mutoto anamuoshea vyuma mwaka mzima bure! Nimekasirika. Nikamjibu: "Jumamosi nitakuja, patroni. Na kiti changu mwenyewe."

Jumanne, 6 Agosti
Dafroza ameisukuma mpaka nyumbani. Buji, ile ya kutoa cheche, nyeusi tititi, masizi matupu. Anasema injini inakunywa esansi, yaani petroli, nyingi, hewa kidogo. Kasoma mpaka la sita tu, huyo! Amesafisha chujio la hewa, limejaa vumbi la kiangazi. Akawasha. Moshi uleule.

Jumatano, 7 Agosti
Amefungua kabirateri, pale esansi inapochanganyika na hewa. Amekaza skrubu. Moshi. Jirani Melania akapita: "Mama Dafroza, mutoto wa kike kanuka esansi hivi, nani atamuoa?" Nikamwambia: "Mwenye pikipiki mbovu." Hata yeye akacheka. Lakini jioni Dafroza amelia, kanipa mgongo. Mi sikulia. Niko na hasira.

Alhamisi, 8 Agosti
Vyuma vyote juu ya mukeka. Nikaokota kikopo cha shaba, kimezibwa pande zote. Wanakiita floteri. Dafroza anasema kinaelea juu ya esansi. Kikipanda, kinafunga njia ya esansi. Mi vyuma sivijui. Mukono wenyewe ukakipeleka sikioni, nikakitikisa, vile natikisa yai. Chwa, chwa. Bovu! Esansi imeingia ndani. Kizito, hakielei, njia haifungi. Tukakizamisha katika maji ya moto, mbali na jiko. Mapovu yakatoka kwenye tundu dogo kama jicho la sisimizi. Dafroza akaninyanyua juu. Mi, na unene wangu huu!

Ijumaa, 9 Agosti
Fundi wa taa za mikebe ameziba tundu. Kwa kunipendeza ameweka risasi nyingi, ile ya kuyeyusha na kuunga, muteja wangu yule. Floteri ikawa nzito tena. Moshi. Nimemtukana, nitatubu Jumapili. Dafroza ameikuna risasi kwa tupa mchana kutwa, polepole, mpaka ikabaki kama ngozi ya kitunguu.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimekwenda na kiti. Nimekaa katikati ya garaji. Pikipiki imewaka. Moshi? Apana. Patroni akaizunguka mara tatu, akachomoa buji: kavu, rangi ya kahawia. "Nani amekuonyesha?" Dafroza akafungua kinywa, akanitazama. Nikamkanyaga mguu. "Nani amuonyeshe? Si ninyi wote mulikuwa munacheka?" Patroni akakohoa. Kazi amepata.

Jumatatu, 12 Agosti
Dafroza ameondoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi. Sokoni wameniuliza alijuaje. Nimesema ni akili yake. Kweli, nusu. Nusu ingine nimeiandika hapa, basi.