Wimbo Wako Umeshika Mkia Tena

Mama Jeska wangu,

Gazeti limekuja. Liliteremshwa kituoni Benaco, likalala dukani, na limenifikia likiwa limefungiwa misumari yangu. Nimelinyoosha kwa kiganja kama ulivyonyoosha sare ya Jeska siku ambazo pasi haina mkaa. Ukurasa wa muziki umepona. Wachambuzi wa mjini wamepiga kura zao za mwaka, nami nakusomea kama kawaida:

"Wimbo huo umeibuka kinara baada ya wachambuzi ambao hawakuutaja kushindwa kukubaliana kuhusu wimbo ambao wengi wao waliutaja."

Nimerudia mpaka macho yameuma. Nimebaki kumwonea huruma mshindi, yeyote yule. Wewe ungenitoa jasho, kama siku ile ya mwenyekiti na ng'ombe. Nilikuwa nimekaa mlangoni nakusomea: "Mwenyekiti anayedaiwa kukanusha kutohusika na ng'ombe aliyekamatwa na watuhumiwa ameachiwa huru." Ukatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani kaachiwa?"

"Nadhani mwenyekiti."

"Na ng'ombe?"

"Hawajasema."

"Basi soma tena, Baba Jeska, mpaka ng'ombe afike nyumbani."

Darasa la saba ndio mwisho wangu, Kiswahili kingine nimekiokota kwenye magazeti ya kufungia, na mwalimu wangu ulikuwa wewe na mwiko wako. Sentensi ambayo hukuweza kumsimulia jirani kwa Kihangaza huku unasonga ugali, ulisema hata aliyeiandika hakuielewa.

Lakini kura za muziki ndizo zilizokukera hasa. "Hawa wamesikiliza wamekaa tu," ulisema, ndipo ukaanzisha za kwako. Desemba, maharage mabichi yakitoka shambani, majirani wanakuja na mikeka, spika inawekwa dirishani, wimbo unapigwa, watu wanamenya. Wimbo ukiisha, maharage yote yanaingia kwenye ile ndoo nyeupe, nawe unachora kwa mkaa pale yalipofika. Unayamwaga, unaanza wimbo mwingine. Uliopandisha maharage juu kuliko yote ndio wimbo wa mwaka hapa Bukiriro. Nilipouliza kama wimbo mrefu haupendelewi, ukasema, "Basi wengine nao watunge ndefu."

Na kila mwaka wimbo wako ulishika mkia. Ule wa gitaa moja, wa yule mzee anayeimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ulikuwa unauingiza mwenyewe mashindanoni, unachora mwenyewe mstari wake wa chini, halafu unacheka.

Hii ndiyo Desemba ya kwanza tangu tukupumzishe kaburini kule juu ya shamba la migomba. Nilitaka tuache. Jeska amekuja likizo kutoka Biharamulo, akaitoa ndoo bila kuniuliza, akanipa kipande cha mkaa. Mimi, ambaye miaka yote kazi yangu ilikuwa kusoma gazeti wakati wengine wanamenya!

Wakaja wote. Nyimbo za vijana zikapandisha maharage vizuri, ule wa kelele nyingi ukafika karibu na mshikio. Kisha Jeska akaweka wako.

Mama Jeska, mikono ilisimama. Mama Editha, unamjua alivyo mwepesi wa kumenya, alishika ganda moja tangu gitaa lilipoanza mpaka lilipokwisha. Tulipomimina, maharage hayakufunika hata kitako cha ndoo.

Nikainama na mkaa wangu. Mama Editha akaninong'oneza, "Chora juu, shemeji. Nani atajua? Mwaka huu tumpe tu, marehemu wetu."

Wenzake wakaitikia, "Mpe, mpe." Jeska akaangalia pembeni.

Nilitamani, sikufichi. Mkono ulishaanza kupanda. Ila nikakuona na mwiko wako, unaniuliza mshindi ni nani na maharage yake yako wapi. Nikachora palepale yalipoishia, chini kabisa, mstari mnene usiofutika kirahisi.

Kisha Mama Editha akapiga makofi. "Mwanamume huyu! Kamshikisha mkia mke wake mwenyewe!" Wakacheka mpaka mikeka ikajaa maganda, na Jeska akacheka kuliko wote huku anajifuta macho kwa kanga yako, ile ya bluu. Sasa ni yake.

"Rudia, Jeska," mmoja akasema.

Akarudia. Mikono ikasimama tena.

Kwa hiyo nakuletea matokeo kwa lugha isiyohitaji mwiko: wimbo wa kelele umeshinda, wako umekuwa wa mwisho mara mbili siku moja, na tumechelewa kula kwa sababu yako. Ndoo nimeitundika jikoni na mistari yake. Mwakani mkaa nitaushika mimi.

Pumzika, mama. Ng'ombe amefika nyumbani.

Mume wako,
Baba Jeska