Taya Langu na Mwanao Clement

Soweto, Mbeya

Dada Tekla,

Shikamoo. Huku baridi inang'ata, viazi vinatoka, na kaka mtanashati kuliko wote Mwanjelwa bado ni mimi, hata kwa uso uliovimba kama boga.

Usinipigie simu, siwezi kuongea. Daktari alinipa kijiti ning'ate apime taya, akakizungusha, nikapiga yowe hadi foleni ikatawanyika. Picha ikaonyesha taya limevunjika. Wamenifunga meno kwa waya wiki sita, nanyonya uji kwa mrija, silali, sikai, nazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nani kakupiga, mzee?" daktari akauliza.

Nikamwandikia: gunia la viazi limeniangukia. Ningesema kweli, angenituma polisi nikachukue PF3, ile fomu ya majeruhi, na Clement angelala ndani.

Ndiyo, ni mwanao. Najua amejificha kwako Kalenga. Usimfukuze. Nilimtania mbele ya wateja kwenye kibanda changu cha viazi kwamba marehemu baba yake alikuwa mlevi. Nilirudia mara tatu, maana walicheka.

Mwambie arudi kibandani kabla sijafunguliwa waya. Sasa hivi ataongea yeye, na mjomba wake atamsikiliza hadi mwisho.

Mdogo wako,
Gwakisa