Kwako Mzee Birika, Mtunza Bunduki za Hifadhi

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage wodini asubuhi ile ya Jumanne, ukiwa umetoka kulalamika kwamba chai ya hospitali haina majani.

Miaka thelathini na moja ulitunza bunduki za askari wa hifadhi, na wenzako wakakubandika jina la Mzee Birika. Wakirudi kutoka kulenga shabaha kwa zile risasi za zamani, wao hukimbilia kopo la mafuta; wewe hubandika birika la maji. Hukuchoka kueleza kwamba fataki za risasi hizo, zile za kitakoni zinazowasha baruti, huacha chumvi mtutuni, na chumvi haitoki kwa mafuta, hutoka kwa maji ya moto. Kisha unakausha vizuri, unapaka mafuta, unachungulia mtutu dirishani kwa jicho moja. Hata masikio yetu uliyakagua hivyo hivyo kabla ya shule.

Hukuwahi kutupigia kelele. Ukikasirika ulinyamaza, na afadhali ungetuchapa.

Kitinda mimba wako anakijua kimya hicho. Ulimfundisha kazi mwenyewe pale kwenye ghala la bunduki. Siku moja, akiwahi harusi ya shoga yake, aliipaka bunduki yako mafuta tu, maji akayaruka. Kesho yake mtutu ulikuwa umeota kutu. Uliusugua wiki nzima bila kumsemesha. Hamjapatana, ukalazwa. Siku ya mazishi alijificha uani, akisema umeondoka na kinyongo naye.

Makaburini wenzako walikupigia risasi tatu kwa bunduki hiyo hiyo. Mtunza ghala mpya akanyoosha mkono aipokee, mkuu wa kikosi akamzuia.

“Mzee aliniachia neno kitandani,” alisema. “Ioshwe na binti yake wa mwisho, si mwingine. Alisema huyo hatasahau maji tena.”

Bunduki ikaletwa nyumbani, akapelekewa huko uani. Waombolezaji walisubiri sana chai siku hiyo, maana birika zima lilimiminwa mtutuni. Mama akawaambia wavumilie, mzee bado yuko kazini. Binti yako akaosha, akakausha, akapaka mafuta.

Kesho yake asubuhi alikwenda ghalani kuchungulia. Mtutu ulikuwa safi, Baba. Akakaa chini akalia mpaka akatosheka, na tangu hapo neno kinyongo hatujalisikia kinywani mwake.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne, wakwe, wajukuu, dada yako, na wenzako wote wa ghalani. Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau.