Bahati Nasibu na Goti la Baba

Dada yangu Bikombo,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe na wanao, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza kimekwisha. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku ughaibuni imenipasua midomo, na kwenye nyumba ninayopanga hakuna anayejua kupika wali ukaiva. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikika hadi kwa majirani, na haya nataka uyasome kwanza peke yako.

Ni habari ya Baba. Nasikia tangu wale watafiti wa dawa ya magoti waondoke hapo kijijini Kengeja, humsemeshi vizuri. Unamwita mbishi, kwamba kaletewa tiba mlangoni kaikataa. Siku ile wewe ulikuwa Konde kwa wakweo. Nitakueleza ilivyokuwa, kama alivyonisimulia mwenyewe, na kama alivyothibitisha jirani yetu Mzee Shaame. Kazi yangu ya zamani ya redio ilinizoesha kutotosheka na mdomo mmoja.

Mwalimu wangu wa utafiti wa tiba hapa chuoni ana wenzake katika kazi ile. Maelezo ya kusomewa wazee yalipokwisha kutafsiriwa, alinipa niyapitie, kwa kuwa Mpemba darasani ni mimi tu. Mchana huo nilikuwa na zoezi la dansi. Usicheke. Chuo kinamtaka kila mwanafunzi achukue somo moja lililo mbali na fani yake, nami nilichelewa kujiandikisha, likawa limebaki hilo, dansi kwa wanaoanza. Na mvi zangu naruka pekupeku na vijana. Anayetufundisha, bibi mmoja mkavu kama samaki wa ng'onda, alishaniambia, "Wewe unacheza kama unayesoma taarifa ya habari."

Basi maelezo yale niliyasoma nimesimama, begi begani. Nikatazama sarufi, nikarekebisha koma, nikayarudisha na jibu kwamba Kiswahili ni safi. Iliandikwa humo kuwa nusu ya wagonjwa watapewa dawa, na nusu vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa, na kila mtu atapangiwa kundi lake "kwa bahati nasibu". Darasani neno hilo tunalo kinywani kila siku. Halikunishtua.

Wazee walikusanywa skuli. Binti mmoja wa watafiti akawasomea. Alipofika hapo, Mzee Shaame akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo bahati nasibu ndo ile ya kwenye simu, ya kushindania pikipiki?"

Watu wakacheka. Binti naye akacheka, akajibu kwa wema, "Ndiyo hiyo, Mzee, ila hapa hushindi pikipiki, unashinda dawa."

Kicheko kikakatika. Baba akashika bakora yake, akasimama.

"Mie kamari sikucheza nina magoti mawili mazima, sembuse leo."

Akatoka, na wazee wote nyuma yake. Binti aliwafuata hadi uwanjani akiwaita. Hakuna aliyegeuka.

Neno lilikuwepo, dada. Kura. Kwa kura ndivyo tulivyogawana mikarafuu ya babu, na shehe alikuwa amekaa pale pale asione haramu. Nilipopigiwa simu na mwalimu wangu nikalitaja, na maelezo yakabadilishwa siku ile ile, lakini watafiti walikwisha hamia Chokocho na huko wakajaza idadi yao. Niliwaomba warudi Kengeja. Wakasema haiwezekani.

Sisemi dawa ingemponya. Bado haijulikani kama inafaa, ndiyo maana inachunguzwa, na yeye huenda angeangukia vile vidonge vitupu. Lakini alikuwa na haki ya kukataa dawa yenyewe. Alichokikataa ni neno, na neno hilo lilipita mikononi mwangu. Nimeshamwomba radhi. Alijibu, "Yameshapita," kwa ile sauti yake ya kufunga mlango. Sasa nakuomba wewe umwache na huo ubishi usio wake.

Jambo moja zaidi. Mtihani wa dansi ulitutaka kila mmoja aoneshe ngoma ya kwao. Nikachagua msewe, ambao nilipokuwa kijana niliuona wa washamba. Nikampigia Baba simu ya video, nikacheza mbele yake.

"Hiyo si msewe," akasema. "Hilo gwaride la skuli. Subiri."

Akaja na misewe yake, vile vijikapu vya kusuka vyenye mbegu za kulia ndani, akafunga mmoja mguu wa kushoto. Wa kulia, wenye goti bovu, hakuufunga. Akaketi kitini akanipigia mwendo. Nilizijua zile hatua kwa kuzisikia tangu utotoni, na kila mara palipokuwa pa mguu wa kulia palikuwa kimya. Nimefaulu mtihani. Bibi ng'onda aliniuliza kwa nini naruka pigo moja kila baada ya jingine, nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa.

Mpeleke Baba hospitali Chake, goti litazamwe na daktari. Nisalimie shemeji, wanao, Mama Mdogo, na Mzee Shaame, umwambie simlaumu kwa swali lake, lilikuwa swali zuri. Na ule msewe wa mguu wa kulia, akitaka kumgawia mtu, mzuie. Uuweke wewe, huenda siku moja akaufunga tena.

Nduguyo mdogo, anayekukumbuka,
Makame