Niliomba Radhi kwa Jina la Mume Wangu

Mama Kaltumi, nakusalimu kwa heshima. Nisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu nimefanya jambo nyumbani kwangu na kila nikitaka kulisema mdomo unakuwa mzito. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mimi na mume wangu Ambroise tumetoka Bukavu, Kongo, huu ni mwaka wa tisa tunakaa Namuwongo hapa Kampala, mimi nashona na yeye anatengeneza kompyuta karibu na chuo kule Kyambogo, na huko ndiko alikokutana na Oyat, Mwacholi wa kaskazini, mtoto wa askari aliyekulia kambi ya jeshi, wakapendana kiasi kwamba Oyat ndiye aliyesimamia ubatizo wa mtoto wetu Bénit. Hao wawili walitengeneza programu ya kutafuta watu waliopotezana vitani, unaandika jina lako, la baba na la kijiji, nayo inakuonyesha kama kuna ndugu yako aliyejiandikisha mahali fulani, na kanisani kwetu Mama Esperance alimpata dada yake kwa njia hiyo baada ya miaka kumi na mmoja. Hawakuiuza. Waliiweka mtandaoni kama programu huria, na leseni yake inasema mtu yeyote aichukue, aibadilishe, aitumie kwa kazi yoyote.

Sasa kwenye kampeni hizi watu wa mgombea ubunge mmoja wameichukua wakaigeuza ya kuorodhesha wapiga kura mtaa kwa mtaa, na Ambroise alipojua akakasirika mpaka chakula kikamshinda, akasema leseni ibadilishwe, wanasiasa wakatazwe, Oyat akasema hapana, ukishaanza kuchagua nani aitumie basi si huria tena, na kesho atatokea mtu wa kusema mkimbizi naye asiitumie. Wangeyasema hayo wakiwa wawili, nafikiri yangeisha. Lakini waliyapeleka kwenye jukwaa lao la mtandaoni, ambalo asiye mwanachama haoni kitu, wakaingia watu wa Nairobi, wa Goma, hata Mjerumani mmoja, kila mtu na maoni yake, wiki tatu, mume wangu anakula simu iko kando ya sahani, namuuliza kama chumvi imetosha ananijibu kwa ukali kana kwamba mimi ndiye yule Mjerumani.

Halafu leseni ikasahaulika ikabaki siasa. Oyat aliandika kwamba Ambroise ni mgeni hapa, mambo ya Uganda awaachie wenyewe. Ambroise naye akaandika kwamba mtoto wa kambini hajui neno jingine ila "ndiyo afande", na kwamba baba yake Oyat aliishi na kufa akisema hivyohivyo. Mama, mzee yule tulimzika sisi, tulisafiri mpaka Gulu, na Ambroise alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Siku hiyohiyo ya matusi Ambroise akaizima ile huduma ya kutafuta ndugu, inayoendeshwa kwenye mashine yake, akasema kama ni hivyo basi asiitumie mtu yeyote, na watu wa kanisani wakitoka kwenye ibada wananiuliza mimi itafunguliwa lini.

Jumatatu Ambroise alienda kazini akasahau simu mezani. Neno lake la siri la jukwaa nalijua, ni jina la Bénit na mwaka aliozaliwa. Nikaingia kwenye jukwaa, nikaandika kwa jina lake: "Ndugu yangu Oyat, nilikosea kumtaja baba yako. Nisamehe." Kabla sijamaliza kupiga pasi gauni moja Oyat akajibu mbele ya wote, akasema na yeye alikosea kumwita mgeni mtu aliyemzikia baba, na kwamba Jumapili anakuja kwetu na mke wake Alal, na watu wakaanza kumpongeza mume wangu, hata yule Mjerumani. Nikaogopa. Nikabadilisha neno la siri ili Ambroise asiingie akaona.

Sasa amefungiwa nje, na amekwishaamua kwamba Oyat ndiye aliyemfungia, tangu maombi ya Jumanne anawaambia watu kanisani kwamba hivyo ndivyo watu wa serikali wanavyonyamazisha wengine. Alal amenipigia simu kwa furaha, anauliza alete samaki wa Ggaba au nyama. Nimemwambia samaki. Nifanye nini, mama?

Nabintu, Namuwongo

*

Nabintu mwanangu,

Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa kelele walizopiga hao wawili huko mtandaoni sidhani kama kuna mtu atashindwa kuwatambua. Na kwa kuwa gazeti hili hutoka Jumatano na wageni wako walikuwa wanakuja Jumapili, nilikupigia simu Alhamisi. Nayaandika niliyokuambia, kwa sababu najua hauko peke yako.

Leseni hizo mimi sizijui. Nilimuuliza mhariri mmoja hapa ofisini, akavuta kiti akaanza kunieleza, na dakika ishirini baadaye nilikuwa sijui zaidi ila yeye alikuwa amekasirika. Kwa hiyo nakuelewa. Wiki tatu za hivyo mezani kwako, na wewe ndiye unayeulizwa kanisani, ungechoka hata kama ungekuwa malaika. Na maneno uliyoyaandika yalikuwa mazuri kuliko yote waliyoandika wao.

Lakini hayakuwa yako kuyatoa. Oyat alijishusha mbele ya watu kumjibu mwanamume ambaye hakuwa amefungua kinywa. Ulifikiri umemaliza ugomvi, kumbe umemdanganya mtu aliyefiwa na baba. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililoniudhi zaidi: ulipobadilisha neno la siri, ulimwacha mumeo amsingizie Oyat mbele ya kanisa zima, nawe umekaa kimya unapanga samaki. Woga naufahamu. Huo ulikuwa umeshapita woga.

Nikakuambia: mwambie leo, akishanawa mikono na kabla hajala. Usianze kwa kulia, maana atakubembeleza na habari yenyewe haitasemwa. Usimwite mchungaji. Mpe neno la siri jipya, mwambie ulichoandika neno kwa neno, kisha nyamaza. Na kama atataka kuwazuia wageni, apige simu yeye, si wewe.

Jumatatu ulinipigia ukanieleza. Ambroise alisikiliza, akatoka, akatembea kando ya reli mpaka ukadhani harudi. Aliporudi hakukugombeza. Aliuliza swali moja tu, Oyat alijibu nini, nawe ukamsomea. Ndipo akampigia Oyat simu hapohapo mbele yako, akasema, "Yale maneno si yangu. Aliyaandika Nabintu."

Oyat akauliza, "Wewe ungeandika nini?"

"Kuhusu baba yako, hivyohivyo," Ambroise akasema. "Kuhusu leseni, sikubali."

"Leseni tutagombana nikifika."

Na wakagombana kweli, Jumapili nzima, chakula kikapoa, Alal na wewe mkala peke yenu. Hawakukubaliana. Leseni iko vilevile ilivyokuwa, na mgombea anaendelea na orodha zake. Ila huduma imefunguliwa, kwa sababu Oyat alisema hatajadiliana na mtu aliyeizima, na Ambroise akaiwasha hapohapo mezani.

Sasa yaliyobaki. Jumapili ijayo Ambroise asimame palepale kanisani alipomsema Oyat, aseme hakufungiwa na mtu yeyote. Usikubali aipunguze iwe mazungumzo ya mlangoni. Kwenye jukwaa lao aandike mwenyewe, kwa vidole vyake, kwamba ile radhi ya kwanza haikuwa yake lakini hii ni yake. Abadilishe pia neno la siri, maana fundi wa kompyuta anayetumia jina la mtoto wake ananitia aibu hata mimi nisiyejua kitu, na safari hii usiulize ni nini.

Nawe, Nabintu, mtu aliyeweza kusema kwa mistari miwili kile ambacho wanaume wale walishindwa kwa wiki tatu hana sababu ya kujificha nyuma ya mumewe. Jiandikishe kwenye jukwaa hilo. Ukiwa na la kusema, liseme kwa jina lako.

Mama Kaltumi